Asali ya Moyo: jina la tovuti huchaguliwa kwa sikio

SWALI: Mwalimu, habari ya kazi. Mimi na dada zangu wawili tunakusanya asali kwa wafugaji wa nyuki wa Moyo na Yumbe, tunaichuja na kuiuza hapa Arua mjini. Wateja wengine wanatoka Ariwara upande wa Kongo, wengine Yei na Juba, na siku hizi hata Kampala wanaagiza. Sasa tunafungua tovuti. Kijana anayetutengenezea ametuletea majina tuchague: arua-pure-honey-4u, au ugandaasalibora. Mama yetu naye ametoa la tatu, asaliyamoyo. Kijana anapenda la kwanza, anasema litatupandisha juu kwenye Google. Anasema pia kuna mahali majina hutolewa bure. Tuchague lipi, na mwisho wake uwe .com au .ug? Na ni sawa yeye atusajilie? – Msomaji, Arua

JIBU: Dada yangu, kwanza mpe mama salamu zangu na umwambie jina lake limenifurahisha. Kwa nini limenifurahisha nitaeleza, lakini sikutaka kukujibu kwa kupenda kwangu tu. Jana asubuhi nilifanya kitu ninachokifanya kila mtu akiniletea jina: nilipiga simu. Niliwapigia watu wanne ambao hawajawahi kuyaona majina yako, nikawatamkia kila jina mara moja, polepole, kisha nikawaomba waniandikie walichosikia kwa ujumbe wa simu. Mmoja ni kijana wa boda wa stendi iliyo karibu na kwangu hapa Kampala, Muganda. Wa pili ni shangazi yangu wa Bombo. Wa tatu ni rafiki anayefanya biashara ya ng'ombe Mbarara, na wa nne ni mwenzangu wa zamani aliyeko Bunia.

Jina la kwanza lilirudi kwa sura tatu tofauti, na hata moja haikuwa sahihi. Wa Mbarara aliandika "aruapurehoney4you". Wa Bunia aliandika "for you" kwa herufi zote. Kijana wa boda aliacha vistari vyote akaandika "aluapurehoney4u". Shangazi hakuandika kitu, alinipigia simu kuuliza, "Dashi ndiyo nini, na ninaiweka wapi?" Jina la pili lilirudi kama "ugandasalibola" kwa wa boda, "ugandasalibora" kwa shangazi na kwa wa Bunia, na "ugandaasaribora" kwa wa Mbarara. La mama yenu watatu waliliandika sawasawa, herufi kwa herufi. Aliyekosea ni wa Mbarara peke yake: "asariyamoyo".

Hilo ndilo jibu langu la swali lako la kwanza, na maelezo mengine yote ni ya kulilinda. Chukueni la mama.

Nieleze kwa nini ninaliamini sikio kuliko jicho. Kompyuta haihitaji jina lolote. Zenyewe huitana kwa namba. Zamani, mtandao ulipokuwa wa vyuo na maabara za Marekani, majina yote ya kompyuta yaliandikwa kwenye faili moja lililotunzwa na taasisi ya utafiti ya Stanford, na kila mwenye kompyuta alilinakili. Mashine zilipozidi, faili lile likaelemewa, na mwaka 1983 Paul Mockapetris akabuni mfumo tunaoutumia hadi leo, ambao kila kikoa, yaani kila kundi la majina lenye mwisho mmoja kama .ug, kina mtunzaji wake na kompyuta huulizana zenyewe jina fulani ni la namba ipi. Jina la kwanza la .com, symbolics.com, lilisajiliwa Machi 1985. Ukitazama vizuri utaona kazi yote ile ilifanywa kwa ajili ya kumbukumbu na mdomo wa binadamu. Kwa hiyo jina ambalo binadamu hawezi kulisikia akaliandika limeshindwa kazi yake ya pekee, hata kama kompyuta inalifurahia.

Wewe mwenyewe fikiria wateja wako watalipata wapi. Mmoja atalisikia redioni. Mwingine ataambiwa na jirani kwenye basi la kutoka Koboko. Mwingine dereva wa lori atamtamkia mke wake kwa simu mtandao ukiwa unakatika. Wachache sana watalisoma kwanza kwenye karatasi. Jina linatoka mdomo hadi mdomo, na mtu wa mwisho ndiye anayelipeleka kwenye vidole.

Na hapa kwetu Uganda safari hiyo ina mashimo yake. Shimo kubwa ni l na r. Katika Luganda, r huandikwa baada ya e na i tu. Penginepo ni l. Ndiyo maana "bora" kwa Muganda hutoka "bola" na "biashara" hutoka "biashala", na anaandika kama anavyosema, bila kosa lolote kwa sheria za lugha yake. Ukivuka kwenda Mbarara mambo yanageuka: wao wana r, na l huonekana katika maneno ya kigeni. Hata jina la lugha yao lina mgogoro huo. Wenyewe husema Runyankore, Waganda husema Lunyankole. Kwa hiyo neno "bora", ambalo kila mtu hulikimbilia anapotaka kusifu bidhaa yake, ni neno baya la tovuti kwa mtu anayeuza hadi Kampala.

Shimo la pili ni herufi zinazojirudia. Luganda huandika irabu ndefu kwa kuirudia, kama mtaa wa Kikuubo hapa Kampala, na konsonanti nzito vilevile, kama "ssente" na "ggwanga". Muganda anajua lini arudie, mtu wa Arua au Bunia hajui. Kiswahili chetu hakina tabia hiyo sana, lakini tunajitengenezea tatizo lilelile tunapounganisha maneno mawili. "Uganda" inaishia na a, "asali" inaanza na a, na pale katikati zinakaa a mbili ambazo masikio hayazisikii. Watu watatu kati ya wanne waliandika moja. Nilipata kumshauri mfugaji mmoja wa kuku wa Mukono aliyekuwa ameshaamua kuitwa kukuuganda. Lisome tena polepole. Jicho la Mswahili linakutana na "kukuu" na kufikiria "kuukuu", kitu kilichochakaa. Hakuna anayetaka kula kuku wa namna hiyo. Tulikaa tukatafuta jina lingine, na alishukuru kwamba alikuwa hajachapisha chochote.

La tatu ni herufi pacha za Kiswahili chenyewe: th, dh, gh, kh. Pwani wanazitamka vizuri. Huku bara, na Kongo zaidi, "dhahabu" ni "zahabu" na "ghala" ni "gala". Mtu akiita duka lake "thamani", nusu ya wateja watatafuta "samani" na kufika kwa muuza makochi. Kama jina lina herufi hizo na una njia nyingine, pita njia hiyo nyingine.

Lipime sasa jina la mama kwa vipimo hivyo. Asali, ya, moyo. Hakuna herufi pacha ya kutatiza. Hakuna irabu mbili zinazogongana pale maneno yanapoungana. Hakuna kistari, hakuna tarakimu. Kuna l moja, na hiyo ndiyo iliyomkwaza mtu wa Mbarara. Dawa yake ni rahisi: sajilini pia asariyamoyo na mwambieni fundi aielekeze kwenye tovuti ileile, mtu akiandika kwa r anafika bila kujua kwamba alikosea. Ni gharama ya jina la pili kila mwaka, na kwa biashara inayoweza kutuma asali hadi Mbarara naona inafaa. Mkiwa na pesa ya kununua majina mawili tu, hilo ndilo la pili, kabla ya kufikiria miisho mingine. Kuna pia "asili" na "asali", tofauti ya herufi moja, lakini katika simu zote nne hakuna aliyeyachanganya.

Na maana zake mbili ndizo zilizonifanya nitabasamu. Kwa mtu wa West Nile, hii ni asali inayotoka wilaya ya Moyo. Kwa Mswahili wa Bunia au Dar es Salaam asiyejua kama kuna wilaya inaitwa hivyo, ni asali ya moyoni. Wote wawili wako sahihi. Mtu wa Juba anayesema Kiarabu naye halipotei, kwa sababu neno letu "asali" limetoka huko, kwao ni asal. Hebu niambie jina gani la Kiingereza lingefanya kazi hiyo katika nchi tatu kwa herufi kumi na moja. Baraza la mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi Julai 2022, lakini nyinyi wa mipakani hamkungoja baraza. Sokoni kwenu kimekuwa kikiuza siku zote. Basi kiuze na mtandaoni.

Tahadhari moja kuhusu majina ya mahali. Mmeniambia mnanunua Moyo na Yumbe. Siku mtakayoanza kununua Adjumani au hata Kitgum, mtu anaweza kuuliza kama mnadanganya. Kwa jina hili sina wasiwasi mwingi, maana ile maana ya pili ya moyo itabaki kuwa kweli, ila kwenye kila lebo andikeni asali ya chupa hiyo imetoka wapi. Jina la kwanza ndilo lingewafunga zaidi: ukijiita Arua, ukifungua duka Gulu utaeleza kila siku. Halafu kuna miji inayogawana jina. Mtu wa Busia akiweka jina la mji wake kwenye tovuti, hajasema ni Busia ya Uganda au ya Kenya.

Sasa hoja ya kijana wenu, kwamba maneno ya Kiingereza na vistari vitawapandisha juu kwenye Google. Simlaumu, zamani hoja hiyo ilikuwa na nguvu, na maelezo ya enzi zile bado yamejaa mtandaoni. Lakini Septemba 2012 Google ilitangaza marekebisho yaliyolenga hasa tovuti duni zilizokuwa zikipanda kwa sababu tu jina lao linafanana na maneno yanayotafutwa. Kinachowapandisha sasa ni yaliyomo: picha zenu za mizinga, maelezo ya jinsi mnavyochuja, bei, namna ya kufikisha mzigo Juba. Neno la Kiingereza la asali mnaweza kuliandika ndani ya kurasa mara nyingi mpendavyo. Halina lazima ya kukaa kwenye jina.

Kuhusu kistari na tarakimu sina mengi. Kistari hakitamkiki, na tarakimu 4 mtu hajui kama ni "nne", "four" au ile ya kufupisha Kiingereza. Herufi kubwa na ndogo hazina tofauti, kwa hiyo msihangaike nazo. Mfumo unaruhusu hadi herufi 63 kabla ya nukta. Mkizidi 15 mnamchosha mtu.

Mwisho wa jina. Hapa watu hubishana sana, mimi nitakupa maoni yangu moja kwa moja. Kwa sababu wateja wenu wako nchi tatu, chukueni .com kama ipo wazi. Si kwamba ni ya heshima zaidi. Ni kwa sababu mtu asiyekumbuka mwisho, vidole vyake vyenyewe huandika .com, na kwa sababu haimwambii mtu wa Ariwara kwamba hii ni ya nchi nyingine. Kongo wana .cd yao, Sudan Kusini .ss, Kenya .ke, Tanzania .tz, na sisi .ug. Mngekuwa mnauza Uganda tu, ningewaambia chukueni .ug au .co.ug bila kusita, kwa sababu mnunuzi wa Kampala akiiona anajua mko hapahapa, na kwenye biashara ya chakula hilo lina uzito. Kama .com ya jina lenu imeshachukuliwa, msianze kulikatakata jina zuri ili lienee, chukueni .co.ug na muwe mnaitamka yote, "doti ko doti yu ji", kila mnapolitaja. Ndiyo, najua Tanzania doti ni kanga mbili. Huku kwetu watu wameshazoea.

Angalieni tu msichanganye .co.ug na .com.ug, zote zipo na ni majina mawili tofauti yanayoweza kuwa ya wenye wawili tofauti. Mwisho wa .or.ug au .org.ug ni wa mashirika, .ac.ug ni wa vyuo, .sc.ug shule, .go.ug serikali. Hizo si zenu. Ipo pia .africa, iliyofunguliwa kwa watu wote mwaka 2017. Ni nzuri kwa maana, ila shangazi yangu bado anaiongezea .com mwishoni.

Na msione herufi moja ni kitu kidogo. Mwisho wa Kameruni ni .cm, na mwaka 2006 kila aliyesahau o ya .com akiandika jina ambalo halikusajiliwa huko alipelekwa kwenye ukurasa wa matangazo. Mwaka 2023 ikatangazwa kwamba barua pepe nyingi za jeshi la Marekani zilikuwa zikielekezwa Mali kwa miaka, kwa sababu jeshi lao huishia na .mil na Mali huishia na .ml. Kama jeshi lile linakosa herufi moja, mteja wa asali atakosa pia, na wewe huna budi kumpunguzia nafasi za kukosea.

Majina ya bure ambayo kijana anayasema nayajua. Kwa miaka mingi kampuni iitwayo Freenom iligawa bure majina ya .tk, .ml, .ga na mengine. Matapeli wakayajaza, Meta, kampuni yenye Facebook, ikaishtaki, na mwaka 2023 Freenom ikaacha kusajili majina mapya. Mwaka huohuo Gabon ikaurudisha .ga mikononi mwake, na mamilioni ya majina yakafutwa. Aliyekuwa amechapisha jina lake la bure kwenye mabango aliamka hana anwani. Jina la .com kwa kawaida ni kati ya dola 10 na 20 kwa mwaka. Hiyo si pesa ya kuihatarishia biashara. Ila muulizeni msajili, yaani kampuni inayowauzia jina, swali hili kabla hamjalipa: mwaka wa pili ni bei gani? Kuna miisho ya kisasa inayouzwa kwa dola 1 au 2 mwaka wa kwanza, ukija wa pili bei inaruka mara kumi, na wakati huo lebo zimeshabandikwa.

Nimefika kwenye swali lako la mwisho, na naomba unisikilize hapa kuliko kwingine kote: ni sawa yeye awasajilie? Awasaidie, ndiyo. Akae pembeni yenu, awaonyeshe pa kubonyeza. Lakini akaunti iwe yenu, barua pepe iwe yenu, jina la mmiliki liwe lenu au la kampuni yenu.

Miaka kadhaa iliyopita niliwaunganisha wanawake wa kikundi kimoja cha wasusi wa vikapu na fundi wa tovuti. Kijana mzuri, mwenye adabu, kazi yake safi. Akasajili jina kwa barua pepe yake mwenyewe kwa sababu ilikuwa haraka zaidi, na mimi niliona nikanyamaza. Mwaka wa tatu akapata kyeyo, yaani kazi ya ng'ambo, nchi za Ghuba. Namba yake ya Uganda ikafungwa, na ile barua pepe akaacha kuifungua. Taarifa za kulipia jina zilikuwa zinakwenda kwake, si kwa wale wanawake. Siku moja mama mwenyekiti ananipigia, anasema mteja wa ng'ambo amefungua tovuti yao akakuta mambo ya kamari. Jina lilikuwa limeisha muda, mtu asiyejulikana amelichukua. Tulijaribu kila mlango. Lilikuwa limekwenda.

Wiki iliyofuata nilikwenda kwenye karakana yao. Walikuwa wameketi kwenye mkeka na vikapu mia sita vya oda iliyokuwa tayari kusafirishwa, kila kikapu kina kitambaa kidogo kilichoshonwa ndani chenye jina la tovuti. Walikuwa wanavikata kwa mkasi, kimoja kimoja, wanaangalia wasikate ukindu. Hakuna aliyenilaumu. Nilichukua mkasi nikakaa nao hadi jioni, na tangu siku hiyo sijamwacha mtu yeyote asajiliwe kwa barua pepe ya mwingine.

Kwa hiyo fanyeni hivi. Fungueni barua pepe mpya ya biashara, isiyo ya mmoja wenu wala ya fundi. Nenosiri liandikwe kwenye daftari na daftari akae nalo mama. Msiiegemeze akaunti kwenye laini ya simu moja peke yake, maana laini ikikaa bila kutumika hufungwa na namba hupewa mtu mwingine. Sajilini kwa barua pepe hiyo. Kwa majina ya .com mtaletewa ujumbe wa kuthibitisha, na mna siku 15 za kuubonyeza. Mkiupuuza jina linaweza kusimamishwa, na nimeona tovuti mpya ikizimika wiki ya tatu kwa sababu hiyo tu. Mkitumia msajili wa Kampala mtaweza kulipa kwa pesa ya simu. Wa ng'ambo mara nyingi anataka kadi. Vyovyote iwavyo, baada ya siku 60 za mwanzo jina la .com mnaweza kulihamishia kwa msajili mwingine, na mkiomba namba ya siri ya uhamisho mnatakiwa kupewa. Msajili anayezungusha maneno mkimuuliza jambo hilo, msianze naye.

Jina hukodishwa, halinunuliwi moja kwa moja. Mnaweza kulipia .com mwaka 1 hadi miaka 10. Nawashauri miaka 3 mwanzoni, halafu mmoja wenu awe na kawaida ya kulipia kila msimu mkubwa wa kuvuna, msingoje mwisho. Msajili anatakiwa kuwakumbusha kama mwezi mmoja kabla na tena kama wiki moja kabla. Mkipitiliza, kwa kawaida kuna muda wa huruma wa siku chache au wiki kadhaa, inategemea msajili, kisha siku 30 ambazo jina linakombolewa kwa faini inayouma, kisha siku 5, halafu liko sokoni kwa yeyote. Kanuni za .ug si lazima zifanane na hizo, kwa hiyo mkichukua .co.ug muulizeni msajili wenu tarehe hizo na muziandike kwenye lile daftari.

Siku mtakayosajili tovuti, siku hiyohiyo, kabla ya kulipa, mtafute jina hilo kwenye orodha ya URSB, ofisi ya usajili wa biashara. Kuwa na tovuti ya asaliyamoyo hakuwapi haki ya jina la biashara, na kusajili jina la biashara hakuwapi tovuti. Alama ya biashara nayo ni kitu cha tatu, ina sheria yake ya mwaka 2010. Nimeona watu wakimaliza moja wakadhani wamemaliza yote. Kama kuna kampuni imeshasajili jina hilo kwa bidhaa kama yenu, rudini mezani kabla hamjatumia hata shilingi. Na zungumzeni nyumbani mpaka mkubaliane kwanza, ndipo mkatafute kama jina liko wazi, mkiwa na pesa mkononi. Jina zuri mkiliacha wazi wiki mbili mkijadiliana rangi, msishangae mwingine akilipata.

Huenda mtu akawaambia ukurasa wa mitandao ya kijamii unatosha, kwa nini mhangaike na haya yote. Januari 2021, siku chache kabla ya uchaguzi, Facebook ilifungwa Uganda, na watu waliokuwa wamejenga duka lao lote mle walibaki na wateja wasioweza kuwafikia. Endeleeni na kurasa hizo, zinaleta watu, lakini kila ukurasa umwelekeze mtu kwenye jina lenu. Na barua pepe ya kuagizia iwe ya jina hilohilo, kwa mfano oda kabla ya alama ya @. Mtu akikumbuka jina la asali, amekumbuka na barua pepe.

Kabla ya kulipa, rudieni jaribio langu kwa watu wenu. Mpigieni mteja wa Ariwara, dereva anayekwenda Juba, na mtoto wa shule wa darasa la sita. Semeni jina mara moja, msilirudie, waandike. Msiwaulize kama wanalipenda. Watasema ndiyo kwa adabu. Angalieni walichoandika. Watatu wakiandika sawa, lipieni jioni hiyohiyo.

Lebo zichapisheni baada ya hapo, mkishafungua jina wenyewe kwenye simu ya mtu mwingine na tovuti ikafunguka. Jina liandikwe kwa herufi ndogo zote bila nafasi, mbele ya chupa, chini ya neno ASALI, kwa ukubwa ambao mama anausoma bila miwani. Zile jerikeni za lita 20 za wateja wa jumla ziandikeni kwa rangi, upande wenye mshikio, maana ndizo zinazokaa mbele ya duka la mtu mwaka mzima.